Risala ya Mafundi Mbao wa Mafinga kwa Mgeni Aliyetuletea Miswaki

Mgeni rasmi, Ndugu Dastan Mgaya, Meneja wa Kanda wa kampuni inayotengeneza tumbaku ya pakiti iitwayo Pozeo, Mheshimiwa Diwani, Daktari Sabina uliyetoka Mbeya, baba paroko na mchungaji, wazazi wetu, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana: kamwene.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Mafinga. Tunajua ukungu wa Sao Hill umekuchelewesha barabarani, na malori ya magogo hayampishi mtu hata akiwa meneja. Pole kwa safari. Viti mlivyokalia tumevitengeneza wenyewe. Kama kuna kinachoyumba, ni ardhi.

Tunakushukuru pia kwa risala. Ofisi yako ilitutumia ikiwa imeshachapwa, ina nembo ya kampuni juu, ili tusipate taabu ya kufikiri. Tumeisoma. Ni risala nzuri, ina kasoro mbili tu: jina la umoja wetu limekosewa, na mambo yaliyoandikwa humo hayajatokea. Kwa hiyo tulikaa chini tukaandika nyingine, na katibu wetu Evarista ndiye anayeisoma.

Leo ni Siku ya Kinywa Safi, siku ambayo kampuni yako imeibuni na imeigharamia. Umetuletea miswaki ya buluu yenye neno Pozeo kwenye mpini. Tumeipokea kwa mikono miwili. Tulikuwa hatujawahi kumwona mtu anayemwaga tope sebuleni kwa watu, halafu akarudi na ufagio wenye jina lake na kuomba apigwe picha akiukabidhi.

HISTORIA FUPI

Umoja wetu ni wa vijana wanaopasua mbao, wanaoranda, wanaopiga msasa na vanishi. Vitanda na makabati yetu yanalala na kusimama katika nyumba za watu kutoka Iringa mpaka Tunduma. Tulianza tukiwa na karakana moja ya mabanzi, na mpaka leo ni hiyo hiyo, ila sasa ina bati.

Pozeo ilitukuta hapo. Gari lenu lilikuja na spika, wasichana wa kucheza na pakiti za bure. Kwa wageni wasioijua, Pozeo ni tumbaku iliyosagwa ikatiwa mnanaa na harufu ya ndimu. Unaiweka kati ya fizi na shavu, au chini ya ulimi, inakaa huko, unatema. Haina moshi. Mke hajui, mwalimu hajui, mchungaji hajui. Mliipaka karakana yetu rangi ya buluu mbele na nyuma, bure, na kibanda kinachotazamana na shule ya msingi mkakipaka vivyo hivyo. Watoto wakaipa jina, pipi ya wakubwa. Baadhi yao hawakusubiri kukua.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, risala yenu ilitutaka tutaje mafanikio yaliyotokana na ushirikiano wetu na kampuni. Kubwa kuliko yote ni Lugano.

Lugano ni kijana wa Ilomba, Mbeya. Alikuja Mafinga kwa mjomba wake kujifunza useremala, akampenda Veneranda, akabaki. Hajafikisha miaka thelathini. Siku za kazi alikuwa kwenye mashine ya kuchonga miguu ya meza. Jumamosi alikuwa MC. Waliofunga ndoa hapa Mafinga miaka ya karibuni wanaijua sauti yake. Alikuwa na uwezo wa kumfanya baba wa bibi harusi acheke mbele ya wakwe, na hapa Uheheni hiyo si kazi ndogo. Mlimsikia, mkamfanya balozi wenu. Mkampa fulana ya buluu na kipaza sauti, akawa anazunguka na gari lenu Makambako, Iringa, mpaka kwao Mbeya, anaweka Pozeo chini ya ulimi mbele ya watu na kusema, "Kinywa baridi, maisha baridi." Watu walinunua. Sisi tulikuwa wa kwanza.

Tuseme yote. Lugano hakuwa malaika. Pozeo alianza nayo shuleni, kidato cha pili. Na kwenye harusi, MC halipwi chakula tu. Anawekewa na chupa ndogo za pombe kali, na yeye hakuzirudisha.

Kidonda kilianza chini ya ulimi, upande wa kushoto. Veneranda, ambaye anafanya kazi kwenye kitalu cha miche ya misonobari, ndiye aliyekiona kwanza, maana yeye ndiye anayekula naye.

"Mbona ugali unautafuna upande mmoja kama mbuzi mzee?" alimuuliza.

"Nimejing'ata."

"Mwezi mzima unajing'ata palepale?"

Lugano akacheka, akabadilisha mazungumzo. Alisukutua kwa maji ya chumvi. Akapaka asali. Duka la dawa wakampa dawa ya zambarau, akazunguka mjini na ulimi kama aliyekula zambarau, na watu wakadhani ni mtindo mpya wa MC. Wakampa vidonge vya kuua vijidudu, akameza akamaliza, kidonda kikabaki. Mtu wa kung'oa meno akamwambia tatizo ni jino, akaling'oa. Jino lilikuwa zima. Kidonda kikabaki.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtuliza, mgeni rasmi, nacho ni bidhaa yako. Akiiweka Pozeo juu ya kidonda, panakufa ganzi, anaendelea na kazi. Katika hilo hamkudanganya. Inapoza kweli.

Sasa tunafika kwenye mchango wako binafsi. Siku moja mlikuwa Iringa mjini, karibu na stendi, mnagawa pakiti. Lugano alikusogelea pembeni ya gari. Waliokuwepo wametusimulia, na yeye mwenyewe ametusimulia, na maneno yanafanana.

"Bosi, hapa chini ya ulimi pananiuma. Pana kidonda hakiponi."

Ulikuwa unatazama simu. Ukauliza, "Upande gani?"

"Kushoto."

"Basi weka kulia, dogo. Ulimi una pande mbili."

Wote mkacheka. Lugano pia alicheka, maana alikuwa kazini. Kisha akapanda garini, akaiweka kulia, akaendelea kunadi mpaka jioni.

CHANGAMOTO

Pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto ndogondogo.

Mama yake Lugano, Mama Atuganile, alikuja kumtembelea mwanawe akakuta anaongea huku ameshika shavu. Hakuuliza sana. Alimwambia, "Fungua kinywa, mwanangu." Akatazama. Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Veneranda, mfungie nguo. Kesho tunakwenda naye Mbeya." Lugano akasema ana harusi Jumamosi. Mama akamjibu kwamba harusi si yake.

Hospitalini Mbeya alipokewa na Daktari Sabina na wenzake. Walikata kipande cha nyama kwenye kidonda, kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wote watatu, Lugano, mke na mama, akafunga mlango. Akasema ni saratani ya ulimi, na imeshagusa tezi za shingo.

Lugano akauliza jambo ambalo kila mmoja wetu angeuliza. "Imetoka wapi, daktari? Hii si ni ya wazee?"

Daktari Sabina yupo hapa, atatusahihisha tukikosea. Alimwambia kwamba zamani walizoea kuiona kwa wazee, lakini sasa vijana nao wanakuja, na wengi wanakuja wamechelewa kwa sababu hakuna anayeifikiria, hata wahudumu wa afya. Alisema tumbaku ndiyo wanayoikuta mara nyingi, ya kuvuta na ya kuweka mdomoni. Pombe kali nayo, na mtu akiwa na vyote viwili hatari inakuwa kubwa kuliko ukivijumlisha tu. Akasema kipo pia kirusi kinachoitwa HPV, kinachopita katika kujamiiana, hata kwa mdomo, ingawa hicho hupenda zaidi huko nyuma ya koo. Ndicho ambacho mabinti wanachanjwa dhidi yake shuleni. Na akasema wapo vijana ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo. Pale kwenye benchi nje alikuwa amekaa dada wa Soweto ya hapohapo Mbeya, mwalimu wa chekechea, hajawahi kuvuta, kunywa wala kutema kitu, na anaumwa ugonjwa huohuo. Kwake sababu haikujulikana.

"Kwa hiyo kwangu ni Pozeo?" Lugano akauliza.

"Siwezi kuapa kwa mtu mmoja," daktari akasema. "Ila ungekuwa mdogo wangu, hiyo ndiyo ningeitoa mdomoni mwako kwanza."

Mgeni rasmi, tunakusihi uyasikie maneno hayo yote mawili, maana wewe uliondoka na la kwanza tu. Habari zilipofika Mafinga, ulikuja karakana siku ya pili yake. Hukuwa na maua. Ulichukua fulana ya ubalozi iliyokuwa imetundikwa msumarini, ukatuambia, mafundi wote tukisikia, "Daktari mwenyewe amesema hawezi kuthibitisha. Na jamani, kuna kirusi cha mambo ya faragha. Mwulizeni na mkewe vizuri." Halafu ukatuachia katoni mbili.

Kwa utafiti huo wa karakana tunakupongeza. Daktari alihitaji darubini na wiki kadhaa. Wewe ulihitaji dakika moja na fulana.

Maneno yako yalifika kitaluni kabla ya Veneranda. Pale wanawake wanakunywa chai ya saa nne kwa kikombe kimoja kinachozunguka. Siku hiyo msimamizi wao, Damari, alikunywa, akakiruka kiganja cha Veneranda kilichokuwa kimeshanyooshwa, akampa wa pili yake. Veneranda aliendelea kujaza udongo kwenye viriba vya miche. Nyumbani hakumweleza mumewe, maana mumewe alikuwa anasubiri kukatwa ulimi. Alijikalia na neno hilo peke yake, na akaanza kujichunguza kama mtu aliyeiba bila kujua.

Lugano alifanyiwa upasuaji. Walitoa sehemu ya ulimi na tezi za upande mmoja wa shingo. Baadaye akapelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, akarudi amekonda, kinywa kikavu, mate hana. Aliporudi kliniki Mbeya, Veneranda aliingia naye, akasimama badala ya kukaa.

"Daktari, niambie mbele yake. Mimi ndiye niliyemletea?"

Lugano aligeuka kumtazama. Ndipo akajua.

Daktari Sabina alimwambia, "Kile kipande tulikipima. Kirusi hakikuonekana. Na hata kingeonekana, dada yangu, nisingekuambia ni wewe. Kirusi hicho watu wengi sana wanakipata maishani, na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Hakitoi cheti cha tabia ya mtu. Aliyekwambia hivyo nani?"

"Bosi wa Pozeo."

Daktari akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Sawa," akasema. "Huyo nisingempa hata kazi ya mapokezi."

Kesho yake saa nne, kitaluni, Veneranda hakusubiri kikombe kifike. Alimfuata Damari, akakichukua mkononi mwake, akanywa nusu, akamrudishia. "Daktari amenipimia maneno yenu," akasema. "Kunywa." Damari alikitazama kikombe, akamtazama Veneranda, akanywa mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mama. Nilisikia kwa mtu mwenye gari."

Lugano alirudi karakana. Uji na ndizi za kupondwa ndicho chakula chake. Mashine yake anaiendesha vizuri kama zamani, na miguu ya meza uliyoiegemea, mgeni rasmi, ni kazi yake ya mwezi huu. Lakini kazi ya MC imekwisha. Herufi nyingi zinamshinda. Siku ya kwanza alijaribu kutusalimu tukainama, hatukujua tuweke wapi macho. Akarudia taratibu mpaka tukaelewa: "Mimi Mnyakyusa. R sikuwa nayo hata kabla." Tulicheka, na wengine wakaenda nje kupangusa vumbi la mbao machoni.

Wiki hiyohiyo alichukua mashine ya msasa akaanza kuiparua rangi yenu ukutani. Tukamwambia apumzike. Akatikisa kichwa. Mchana tukaweka kazi chini, tukachukua misasa tukamfuata. Kama umeona karakana yetu sasa ina rangi ya mbao, na kampuni imeandika kwamba tumeharibu tangazo, basi ni kweli. Tumelisafisha, kwa kuwa leo ni siku ya usafi.

Baada ya hapo tulimwomba Daktari Sabina aje atutazame. Alitupanga karibu na dirisha, na tochi. Waliokuwa na mabaka meupe kinywani, palepale wanapoiweka Pozeo, walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Mmoja ni mwenyekiti wetu, Aroni, huyu aliyekaa kulia kwako. Ni baka, bado si saratani. Daktari amemwambia akiacha sasa huenda likaondoka lenyewe, na lisipoondoka watalikata, na kila baada ya muda lazima aonekane. Ameacha. Amekuwa mkali kama nyuki, tunamvumilia. Ndiyo maana pakiti uliyompa pale mlangoni kwa bashasha aliirudisha mezani. Usidhani ni kiburi.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuna maombi makubwa.

Tunaomba kile kibanda mbele ya shule kipakwe rangi nyingine, na pakiti ziondolewe karibu na peremende. Kama rangi ni shida, sisi tunayo misasa, na Mheshimiwa Diwani ameahidi mbele yetu kwamba hatazuia.

Tunaomba onyo lililo nyuma ya pakiti liandikwe kwa herufi ambazo mtu anaweza kuzisoma bila kuazima miwani ya babu yake. Picha ya mchezaji wa mpira mliyoweka mbele inaonekana vizuri sana. Mpiga chapa wenu ana uwezo.

Tumekutazama tangu ulipofika, na hatujaona ukiweka Pozeo mdomoni. Tulimuuliza dereva wako, kijana mwema, akatuambia, "Bosi hatumii, anajali meno yake." Tunakuomba katika hotuba yako uwaambie vijana hawa jambo hilohilo, kwa maneno hayohayo. Haitakugharimu zaidi ya miswaki.

Tunaomba pia umgeukie Veneranda, amekaa pale na kitambaa cha kijani kichwani, useme kwa kipaza sauti kwamba ulilosema karakana halikuwa kweli. Ulilisema mbele ya watu. Sisi hatuna njia ya kulirudisha nyumba kwa nyumba; wewe una spika.

Na ombi la mwisho si letu, ni la Lugano. Yupo safu ya mbele, mwenye skafu shingoni. Ametuomba kwamba ukimaliza kuhutubia, naye apewe nafasi ya kusema neno kwako, yeye mwenyewe, bila mtu wa kumtafsiria. Hatujui atasema nini, hakutaka kutuambia. Tunakujulisha mapema kwamba mara ya kwanza hutamwelewa. Watu wengi wakifika hapo hutabasamu, wakaitikia kwa kichwa, wakaondoka. Tunakuomba usifanye hivyo. Mwambie arudie. Usipoelewa tena, mwambie arudie tena. Viti vipo, chai ipo, na leo hakuna fundi atakayewasha mashine mpaka umeelewa.

Mungu aliyetupa vinywa vya kumsifu na kulia ugali akulinde wewe na nyumba yako, amlinde dereva wako kwenye kona za Nyororo, awape nguvu waganga na wauguzi wetu, na awaponye wote wanaosubiri majibu kwenye mabenchi ya Mbeya asubuhi hii.

Ni sisi,
Umoja wa Vijana Mafundi Mbao, Mafinga.